Sonara Aliyedondosha Sarafu Mara Tatu

Siku hizi ukitaka kujua kama bangili yako ni ya fedha, unaingia duka lenye kioo na taa nyeupe, unampa binti wa kaunta, naye anaielekezea kitu kinachofanana na bastola. Bastola inatoa mlio mdogo, nambari zinatokea, umekwisha kujibiwa. Binti hakuishika bangili yako kwa muda wa kutosha hata kujua kama ni nzito au nyepesi. Ukimuuliza amejuaje, anageuza bastola na kukuonyesha nambari. Sisemi nambari ni za uongo. Ninachosema ni kwamba hapo hakuna aliyejua. Mashine imesema, mtu amesoma, mwingine amelipa.

Sonara ninayetaka kumweleza alikuwa anajua. Mtaani aliitwa Sikio, na wengi hawalijui jina lake jingine mpaka leo. Hakuzaliwa kwenye ufundi huo. Mpaka umri wa miaka ishirini na sita alikuwa fundi baiskeli, mikono myeusi mpaka viwikoni, na angebaki hivyo kama asingeoa binti wa sonara. Mkwewe alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na huyo aliukimbia ufundi. Alisema hawezi kukaa kutwa nzima kupuliza moto kwa mrija kama mtu aliyerogwa, akaenda kuajiriwa idara ya maji, akafukua mabomba. Mzee alimeza mate, akamgeukia mkwe.

Alimfundisha kwa namna ambayo leo ingeitwa ukatili. Alimkalisha kwenye kigoda, uso ukutani, mgongo ukielekea meza ya kazi. Juu ya meza kulikuwa na kipande cha marumaru, upana wa sahani. Mzee alidondosha kitu juu yake, kutoka kimo cha shibiri moja, na mkwe alitakiwa aseme bila kugeuka. Fedha safi. Fedha iliyotiwa shaba. Shaba iliyovishwa fedha. Bati. Madini ya risasi. Akikosea, wanaanza upya. Hakuruhusiwa kushika koleo mpaka apatie ishirini mfululizo, na hilo lilimchukua mwaka na miezi minne. Mke wake aliniambia kwamba katika kipindi hicho mumewe alikuwa akila huku akigonga kila kijiko kabla ya kukitia mdomoni.

Kulikuwa na sheria nyingine ya dukani, ambayo mzee aliishika kuliko zote. Kitu cha mteja hudondoshwa mara tatu, hazipungui hapo. Mara ya kwanza ni ya sonara, asikie. Mara ya pili ni ya shaka yake. Mara ya tatu ni haki ya mwenye mali, na kabla ya hiyo ya tatu sonara hafungui mdomo. Mzee alisema ameona mafundi wakikata kauli kwa mdondosho mmoja, na mali ya watu ikaitwa takataka kwa sababu upepo ulipita au mtu alikohoa.

Mzee alipofariki, sikio likabaki kwa mkwe, na soko zima likaja nalo. Waliogombana walikuwa wakisema, "Twende kwa Sikio," na mjadala unaishia hapo. Niliwaona kwa macho yangu dada wawili ambao hawakusemezana nusu mwaka, kila mmoja akidai kwamba bangili aliyoachiwa mwenzake na mama yao ndiyo ya fedha, na yake ni ya kupakwa. Sonara alidondosha ya kwanza mara tatu, akadondosha ya pili mara tatu, akazirudisha mezani.

"Zote shaba," alisema. "Mama yenu aliwapenda sawasawa."

Walitoka wameshikana mikono kwa kicheko.

Mkewe alipokufa, alimwachia binti mmoja, mtu mzima, mwenye akili ya hesabu na ulimi usio na haya. Ndiye aliyeleta bastola dukani.

"Wateja wa sasa wanataka karatasi, baba," alimwambia.

"Waandikie."

"Niandike nini? Kwamba baba amesikia?"

Wakaelewana. Binti akakaa mbele na bastola yake na mashine ya kuchapa karatasi. Baba akakaa nyuma na marumaru. Wenye haraka walimalizana na binti. Wenye umri, na wale waliokwisha kutapeliwa mahali pengine, walipita moja kwa moja mpaka nyuma. Nusu ya riziki ya duka ilitoka kule nyuma, na binti, pamoja na kisasa chake chote, aliijua hesabu hiyo vizuri.

Sasa nimseme shemeji. Ni yule mtoto wa mzee aliyeukimbia ufundi. Alifanya kazi idara ya maji miaka thelathini, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutafuta vifuniko vya valvu vilivyofukiwa na udongo au lami. Alipewa mashine ya kutambua chuma kilicho ardhini: fimbo ndefu, duara kama sufuria bapa chini yake, na vipaza sauti vya kuvaa masikioni. Alipostaafu, idara ilikuwa inauza vyuma chakavu, na yeye akainunua ile mashine kwa bei ya chuma chakavu. Duara lilikuwa limepasuka na kuzungushiwa utepe mweusi wa umeme. Tangu hapo akawa anazunguka mashambani baada ya mavuno. Wakulima walimwita wakipoteza pini za jembe na funguo za trekta. Mara moja aliokota meno ya bandia yenye waya, na mwenye meno akayasuuza na kuyavaa hapohapo.

Yeye na sonara walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, na mzaha wao ulikuwa na kisa ndani yake. Shemeji alimwita sonara mwizi wa urithi. Sonara alimwita shemeji mchimba mitaro.

Jumanne moja kabla ya adhuhuri, shemeji aliingia dukani na udongo mpaka kwenye kamba za viatu. Binti alikuwa amekwenda benki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri mkono wa miwani yangu uchomelewe.

"Mwizi wa urithi, hujambo?"

"Sijambo, mchimba mitaro. Leo umeleta parafujo gani?"

"Leo nimeleta kitu cha watu wazima. Fungua."

Ndani ya kitambaa kulikuwa na sarafu nyembamba, upana wa ukucha wa dole gumba, rangi ya majivu yaliyolowa. Ilikuwa na maandishi pande zote mbili, na hayakukaa katikati. Upande mmoja yalikuwa yamekatwa na ukingo, upande wa pili palibaki peupe. Shemeji alieleza kwamba ameitoa katika shamba lililo nyuma ya tanuri la matofali, shibiri moja na nusu chini, alipokuwa akimtafutia mwenye shamba pini ya trekta.

"Kuna mtu kaniona nayo pale kituo cha mafuta," alisema. "Anataka kunipa hela ya mkate. Nikamwambia subiri, nina shemeji. Sasa sikiliza. Ukisema ni fedha ya kweli, naipeleka makumbusho, ndivyo sheria inavyotaka, na wao hunilipa mimi na mwenye shamba. Ukisema si ya kweli, niishie hapa. Sitaki kwenda kujiaibisha mbele ya wasomi."

Sonara aliiweka kwenye mizani, akaguna. Ilikuwa nyepesi kidogo kuliko alivyotazamia. Akaitazama kwa lenzi. Hakuyajua maandishi yale, na hakujifanya anayajua. Kisha akaishika kwa vidole viwili juu ya marumaru na kuiachia.

Mimi si sonara, lakini nilisikia. Haikulia. Ilitoa sauti kama ya kifungo cha koti kilichoanguka sakafuni. Akaiokota, akaidondosha tena. Kifungo kilekile.

Hapo alifanya jambo ambalo mkwewe asingelifanya. Alisema kabla ya mara ya tatu.

"Bandia, shemeji. Ni risasi imevishwa fedha."

"Una hakika?"

"Sikio hili lilikudanganya lini?"

"Sijawahi kuliuliza kitu mpaka leo." Shemeji alikuwa anatabasamu, ila kwa shida. "Bado ya tatu. Nipe haki yangu. Mzee angenipa."

"Nakupa. Haki ni yako."

Akaidondosha mara ya tatu, na sarafu ikavunjika vipande viwili. Kimoja kilibaki juu ya marumaru. Kingine kiliruka mpaka karibu na kiatu changu, nikakiokota na kukirudisha mezani.

 Kisha shemeji akacheka, cheko la mtu aliyejiandaa kufiwa na akaambiwa mgonjwa hakuwa ndugu yake.

"Haya, imejihukumu yenyewe. Vitupe tu, shemeji. Afadhali imevunjika kwako kuliko kule kwa wasomi." Akakunja kitambaa chake, akanipa mkono, akatoka.

Sonara hakuvitupa. Alivuta taa, akachukua lenzi, akatazama pale palipovunjika kwa muda ambao mtu angemaliza kunywa chai. Halafu akaniuliza nilikuwa nataka nini.

"Miwani yangu."

"Njoo kesho."

Alichokiona alinieleza baadaye. Risasi haivunjiki, hupinda. Jambo hilo hata fundi baiskeli analijua, naye alikuwa amelisahau kwa dakika tatu. Na kitu kilichovishwa huonyesha rangi mbili kikivunjika, ganda na kiini. Hapa palikuwa na rangi moja, nyeupe tangu ukingo huu mpaka ukingo ule, na chembechembe kama donge la chumvi. Ilikuwa fedha mpaka ndani, fedha ya namna ambayo hakuwahi kuishika maishani mwake.

Binti aliporudi kutoka benki, alimpa vipande bila maneno. Binti akavielekezea bastola. Fedha tisini na nne kwa mia, shaba karibu yote iliyobaki, na mwisho kabisa chembe ya dhahabu. Kwenye hiyo chembe binti akasita. Fedha ya viwandani husafishwa dhahabu yote ikatolewa. Inayobaki nayo aghalabu ni ya zamani sana, ya watu waliokuwa hawawezi kuitoa.

"Ya nani hii?"

"Ya mjomba wako."

"Kasema ni nini?"

"Hakusema yeye. Nimesema mimi. Nimesema ni bandia."

Binti akaiweka bastola chini. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya yule wa miwani."

"Yule wa miwani ndiye watu wote, baba."

Nimeliandika hilo kama nilivyohadithiwa. Sina la kujitetea.

"Na kuivunja nimeivunja mimi," sonara alisema. "Naweza kuichomelea, mshono usionekane."

"Moto utaimaliza. Utampelekea shanga." Binti akafunga mlango wa mbele ingawa saa ya kufunga ilikuwa bado. "Nisikilize. Mjomba amesema itupwe. Kwake imekwisha kutupwa, na wala hana uchungu. Ukienda kumwambia, kesho soko zima litasema Sikio hasikii tena. Duka hili linakula kwa sikio lako, mimi na bastola tunanunua sabuni tu. Unataka niseme nini?"

"Usiseme kitu."

"Basi tusiseme wote."

Simlaumu yule binti. Alikuwa na kodi ya duka na watoto wawili, na alichosema kilikuwa kweli. Sonara akavitia vipande ndani ya kibati cha pini, akakiweka kwenye droo. Hapo ndipo jambo lilipokaa: akinyamaza, sikio lake linabaki zima na hakuna wa kujua, akisema, anapoteza kitu pekee alichoachiwa na mkwewe, na anakipoteza mbele ya mtoto wa mzee mwenyewe.

Alinyamaza siku kumi na tatu.

Katika siku hizo shemeji alikuwa anamsifu kila kona. Wateja waliongezeka. Jumamosi mama mmoja alileta bangili. Sonara akaidondosha mara tatu, ikalia vizuri, akasema ni fedha, kisha akaichukua mwenyewe na kuipeleka mbele kwa binti aipige bastola. Hakuwahi kufanya hivyo. Mama yule alishangaa, akauliza kama atalipa mara mbili.

Mwishoni mwa wiki ya pili sonara alikwenda kunyoa. Alikuwa amelazwa kwenye kiti, povu nusu ya uso, shemeji akaingia na kuanza kuwahadithia waliokuwa wanasubiri.

"Mwulizeni huyu hapa. Mara ya kwanza kifungo, mara ya pili kifungo, mara ya tatu ikaona aibu, ikajivunja. Nyinyi mnacheka, mimi nilishapanga kulichimba shamba lile lote. Nilimwambia mwenye shamba asubiri. Sasa nimemwambia aendelee na mipango yake, hakuna kitu kule."

"Mipango gani?" kinyozi aliuliza.

"Amekodisha. Watu wa malori wanataka pa kuegesha."

"Sikio hilo tuliwekee bima," mmoja wa waliosubiri alisema.

"Likatwe lipelekwe makumbusho," shemeji alisema, na wote wakacheka.

 Sonara aliniambia baadaye kwamba povu lilimsaidia kuficha uso.

Jumatatu asubuhi alikuja kwangu amevaa koti.

"Twende makumbusho."

"Mimi wa nini?"

"Ulikuwepo."

Chumba cha sarafu kilikuwa ghorofa ya pili, nyuma, mahali ambapo wageni hawafiki. Palikuwa na kabati za chuma zenye droo nyembamba, meza yenye kitambaa cha kijani, na feni iliyozimwa ili karatasi zisipeperuke. Mhifadhi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono ya shati imekunjwa, penseli imechomekwa kwenye nywele. Nilitegemea bastola nyingine. Alitoa mizani ndogo, kipimo cha upana, lenzi na kitabu kinene kilichoachia jalada. Niliona haya kidogo kwa jinsi nilivyofurahi.

Alivipima vipande vyote viwili pamoja, akaandika. Alivisogeza mpaka vikakutana, akapima upana, akaandika. Aligeuza upande, akaanza kusoma kwa kidole, herufi moja moja, akirudi nyuma pale ukingo ulipozikata. Upande mmoja ulikuwa na jina la mtawala. Upande wa pili ulikuwa na mji ilipogongwa na mwaka, umeandikwa kwa maneno kuzunguka ukingo. Mstari wa kuvunjika ulipita katikati ya neno la mwaka.

Alifungua kitabu, akafunga, akafungua tena.

"Huyu alikalia kiti miezi minane," alisema. "Miaka mia nane na kitu iliyopita. Aliyempindua alikusanya sarafu zake akaziyeyusha. Zinazojulikana duniani ni nne." Akaweka lenzi juu ya herufi moja. "Njoo utazame, mzee. Unauona ule mstari mdogo unaopita juu ya herufi, kama unywele?"

"Nauona. Ni mkwaruzo."

"Si mkwaruzo, umeinuka juu. Muhuri wa kugongea ulipata ufa, na ufa huo ukaacha alama kwenye kila sarafu iliyogongwa baada yake." Akageuza kitabu. Kwenye picha ya ile ya pili kati ya nne, unywele ulikuwa palepale, juu ya herufi ileile. "Zimetoka mkono mmoja. Huenda asubuhi moja."

"Kwa hiyo ni ya kweli," sonara alisema.

"Ni ya kweli kabisa. Nani aliivunja? Mpasuko huu ni mpya."

"Mimi. Niliidondosha kwenye jiwe."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Kimo cha shibiri, mara tatu, sababu ya kila mara. Mhifadhi alisikiliza mpaka mwisho, na akauliza maswali mawili ya maana, jambo ambalo sikulitegemea kwa msomi.

"Ufundi huo ni mzuri kwa bangili," alisema. "Fedha iliyokaa ardhini muda huu wote, unyevu umekwisha kula ile shaba iliyochanganywa ndani, chembe zimeachana. Kwa macho ni nzima. Ndani ni kama donge la chumvi. Haiwezi kulia, mzee. Nikiletewa ya umri huu ikalia vizuri, ndipo mimi huanza kushuku."

Sonara aliuliza ingekuwa na thamani gani. Mhifadhi alisita, akasema kwamba ile iliyouzwa mwisho mnadani, ikiwa nzima, ilinunuliwa kwa bei ya kiwanja pamoja na nyumba ya vyumba viwili juu yake. Hii, kwa jinsi ilivyo, pikipiki iliyotumika. Nzuri, lakini iliyotumika.

"Mwaka unasomeka, jina lipo zima," aliendelea. "Hilo limeokoa kidogo. Lakini bei ni shida ya mnada. Mimi shida yangu nyingine. Zile nne hakuna hata moja inayojulikana ilitoka ardhi gani. Hii ndiyo ya kwanza kuwa na mtu aliyeitoa kwa mkono wake. Mtu wa miezi minane hakuwa na muda wa kusambaza sarafu. Palipo na moja pana sababu ya kuwa hapo. Niletee mahali. Mahali ni zaidi ya vipande hivi."

Akachukua kadi, akaanza kuandika. Alipofika kwenye hali ya kitu, sonara alimwambia aandike: imevunjwa na sonara kwa kudondoshwa. Mhifadhi alisema si lazima. Sonara alisema aandike.

Nyumbani kwa shemeji tulimkuta uani, amelifungua bomba kulitengeneza, raba yake ya zamani mdomoni kama mtu anayetafuna. Sonara hakukaa.

"Shemeji, ile sarafu ilikuwa ya kweli."

Shemeji alitoa raba mdomoni.

"Nilijua siku ileile. Hujafika hata kona, nilishajua. Nimenyamaza wiki mbili kasoro siku moja. Nzima ingekujengea nyumba. Nimeivunja mimi na nimeiita bandia mbele yako."

Shemeji alifunga bomba taratibu mpaka lilipoacha kudondosha. Aliuliza maswali kama fundi anayetafuta linapovuja: nani amesema, amesomaje, ana hakika gani. Sonara alimjibu yote, hata unywele juu ya herufi. Nyumba ya vyumba viwili haikumgusa sana. Alisema alikwisha kuwa na nyumba na paa lake linavuja. Alipoambiwa kwamba mhifadhi anataka mahali, ndipo uso ulipobadilika.

"Malori yameanza lini?" sonara aliuliza.

"Juzi."

Tulikwenda watatu kwa miguu. Nyuma ya tanuri la matofali, pale palipokuwa shamba, palikuwa na uwanja wa kifusi wenye ukubwa wa nusu ya kiwanja cha mpira: matofali ya nyumba zilizobomolewa, zege, nondo zilizopinda, misumari, vigae vya choo. Kilikuwa kimesambazwa na kushindiliwa ili malori yaegeshe, kimo cha kiuno. Katapila lilikuwa limeegeshwa pembeni, dereva amelala kivulini.

"Siku ile mwenye shamba angesubiri," shemeji alisema. "Nilimwambia asubiri, akakubali. Mimi mwenyewe ndiye niliyerudi kumwambia aendelee." Akamtazama sonara. "Kuivunja nimekusamehe tangu ulipoanza kusema. Ulikuwa unanipa haki yangu, na niliidai kwa mdomo wangu. Hizi siku kumi na tatu ndizo sijui nizifanyeje."

"Mimi pia."

"Mzee angekupiga."

"Angenipiga."

Habari ilienea kama binti alivyosema, na kwa haraka zaidi. Wazee waliokuwa wakipita moja kwa moja mpaka nyuma sasa wanaishia mbele. Marumaru bado ipo mezani, na juu yake binti ameweka mashine ya kuchapa karatasi, kwa sababu hapo ndipo palipo tambarare. Katika mtaa wetu hakuna tena mtu wa kukuambia kitu kwa kukisikia, na atakayetaka kujifunza hana wa kumkalisha uso ukutani. Najua sikio lile lilikosea. Lilikosea mara moja katika miaka arobaini, na kosa hilo limeandikwa kwenye kadi ya serikali. Makosa ya bastola hatutayajua, kwa kuwa hakuna anayekumbuka ni nani aliyeishika.

Mhifadhi aliwaandikia watu wa malori barua, akaandika nyingine. Alijibiwa kwamba kifusi hakiwezi kuondolewa, ila watu wawili wanaruhusiwa kuingia na mashine Jumamosi, malori yasipokuwepo. Watu wawili hao ni sonara na shemeji. Mara ya kwanza nilikwenda kuwatazama. Mashine ililia tangu hatua ya kwanza, ikawa hainyamazi, kwa sababu chini palikuwa chuma kitupu. Baada ya saa nzima shemeji alivua vile vipaza sauti na kumpa sonara.

"Vaa. Mimi nasikia kelele tu. Chuma kinakoroma, fedha ni nyororo zaidi. Iko chini ya kelele hizi kama ipo."

Sonara alivaa. Shemeji akashika fimbo, akaanza kwenda polepole, duara likipita juu ya vigae. Sonara alimfuata nyuma kwa waya, kichwa kimeinama, macho amefumba, mkono mmoja ameuweka begani kwa shemeji asijikwae.

"Hapa?"

"Msumari."

"Hapa je?"

"Msumari. Huu umepinda."

"Acha maringo."

Mlinzi wa uwanja aliwatazama kwa muda, kisha akasogea na chupa yake ya chai.

"Wazee, mnatafuta nini?"

"Misumari," shemeji alisema.

Mlinzi alitazama kifusi upande mmoja mpaka mwisho, na upande wa pili mpaka mwisho.

"Ipo," alisema, akarudi kukaa.